Mchungaji Aliyeita "Mwingine!"

Ifikapo tarehe 30 mwezi huu, mchungaji wa hospitali yetu atakabidhi ufunguo wa kanisa na kustaafu, baada ya miaka ishirini na sita ya kuhudumia wagonjwa. Mhariri wa jarida hili amenipa kazi ya kumwandikia, mimi muuguzi wa wadi ya wanaume, kwa sababu anajua sina haya ya kuuliza maswali. Kweli nimemuuliza mzee wa watu mpaka akaanza kunikwepa kantini.

Alikuwa fundi cherehani aliyefunga duka lake akaenda kusomea uchungaji. Mkewe anasema alipoanza kazi hapa alikuwa moto kweli kweli: chai inapoa mezani, yeye yuko magotini na ndugu wa mgonjwa asiyemjua hata jina. Alianzisha kwaya ya wafanyakazi, akawafanya hata watu wa uhasibu waimbe, na hadi leo hakuna anayejua aliwashawishi vipi. Mashuka ya wadi yakichanika, aliyashona mwenyewe huku akipiga mluzi.

Lakini wengi wenu mnamjua kwa jina la Mwingine, na wafanyakazi wapya hudhani ni jina la ukoo. Hapana, jamani. Alijibatiza mwenyewe, tena mbele yangu.

Ilikuwa asubuhi moja, miaka kumi na kitu iliyopita. Alikuwa akizunguka wadi yangu kama kawaida: mkono juu ya kichwa cha mgonjwa, ombi lile lile, amina, anasogea. Tulikuwa tumelizoea ombi lile hivi kwamba mhudumu akisikia "uwape madaktari hekima" anakwenda kuwasha birika. Basi siku hiyo akamwombea mzee mmoja aliyekuwa akisubiri upasuaji, akasema amina, na bila hata kuvuta pumzi akaita "Mwingine!" kwa sauti ile ile ya karani wa dirisha la usajili. Wadi nzima ikaangua kicheko. Mimi nilishika mbavu. Yule mzee alifumbua macho akauliza, kwa wasiwasi, kama yeye ameshamalizwa.

Mchungaji hakucheka. Alisimama pale kama mtu aliyesikia sauti yake mwenyewe redioni na hakuipenda. Kisha akatoka, na vitanda vilivyobaki vikabaki bila kuombewa.

Kumbe alikwenda moja kwa moja kwa matroni kumwambia anaacha kazi. Alimweleza wazi kwamba kwa muda mrefu anatoa maneno tu, kwamba hana tena hamu na Mungu, na kwamba amechoka kuwagawia wagonjwa kitu ambacho yeye mwenyewe hana. Cherehani yake bado ilikuwepo, angeirudia. Matroni wetu hakuwa mtu wa kubembeleza. Alimwambia amalize mwezi, azunguke wadi kama kawaida, ila marufuku kuomba. Mwezi ukiisha na hali ni ile ile, atamfungulia geti yeye mwenyewe.

Weee! Mchungaji aliyekatazwa kuomba! Tulikuwa tunamchungulia kwenye milango. Alivuta stuli akakaa, mikono haijui pa kwenda. Kwa kukosa la kufanya akaanza kuwauliza watu wangependa waombewe nini. Ananiambia hakuwahi kuuliza swali hilo kwa miaka, maana ombi alikuwa nalo tayari.

Dereva mmoja wa lori, miguu yote miwili kwenye plasta, alimjibu palepale: aombewe mama mkwe wake asije kumwona. Walikuwa hawasemezani tangu walipogombana kwenye arusi ya shemeji yake, na mama alishatuma salamu kwamba yuko njiani. Mchungaji alicheka mpaka akakimbilia ngazi za nyuma asionekane. Na huko kwenye ngazi akajikuta anaomba. Amri ya matroni ilimtoka kichwani. Hakuwa na maneno tayari ya kuombea mama mkwe, hakujua hata aombe nini: basi la yule mama liharibike njiani, au dereva alainike? Ikabidi amuulize Mungu. Halafu akanyamaza kusubiri jibu, na hapo, anasema, ndipo alipogundua kwamba anamsubiri mtu ambaye siku nyingi alikuwa na hamu naye.

Mama mkwe alikuja kesho yake, chupa ya chai mkononi na uso umekunjwa. Akaitazama ile miguu, akakaa kwenye stuli, akaanza kulia. Dereva naye machozi hayo. Kisha yule mama akamgeukia mchungaji akamwamuru awaombee. Mchungaji akamtazama matroni mlangoni. Matroni akatazama dari. Basi akaanza, akakwama, akaanza tena, na hapakuwa na neno hata moja la ombi la zamani. Birika lilichelewa siku hiyo. Nililia bila aibu, trei ya dawa mikononi.

Mwezi uliisha na geti halikufunguliwa. Anakiri kwamba moto haukurudi wote kwa mara moja. Siku nyingine haukuja kabisa, naye alikaa tu kwenye stuli akamsikiliza mgonjwa. Jina la Mwingine tulitaka kuliacha, akakataa katakata.

Kitu kimoja bado kinaniwasha: alijibiwa nini pale kwenye ngazi? Nimemuuliza kantini, kanisani, hata kwenye maegesho ya magari. Anacheka tu, ananiambia niende nikakae mwenyewe. Nimekwenda. Saruji ile ni baridi kweli. Nitarudi tena.

Ijumaa iliyopita alifanya mzunguko wake wa mwisho. Keki ya kumuaga ilikuwa inamsubiri, koti analo mkononi, ameshafika mlangoni. Mgonjwa aliyeletwa asubuhi hiyo, asiyejua lolote kuhusu jina lile, akainua mkono kutoka kitanda cha pembeni na kusema kinyonge, "Mchungaji, kuna mwingine huku." Hakuna aliyecheka. Mchungaji alitundika koti, akavuta stuli, akamuuliza angependa aombewe nini.

Baba mchungaji, asante kwa yote, na zaidi kwa kutoondoka mwezi ule. Tunakutakia mapumziko mema, cherehani isiyokata uzi, na chai unayoinywa ikiwa bado ya moto. Kipande chako cha keki tumekihifadhi. Ukipita karibu, ingia. Wapo wengine.