Tuliomba Kizuizi Kiondolewe

Jina la Bwana lisifiwe, ndugu zangu! Leo nalisifu kwa mkono mmoja, maana huu wa kushoto ukifika usawa wa bega unagoma. Daktari ameniruhusu kushika usukani, ila kunyanyua mkono juu amesema nisubiri. Basi nyinyi wenye mikono miwili nisaidieni. Kamwene, salamu zangu kwenu wote.

Wengi mnanijua. Mimi ndiye Dada Eliza, dereva wa basi la shule hapa Iringa, ninayewapigia honi asubuhi watoto wenu wakiwa bado wanatafuta soksi. Nimeomba nafasi hii nikiwa na hofu. Wengine husimama hapa wakasema hofu ilikwisha siku ile ile. Mimi hofu ninayo bado, nimekuja nayo, tumekaa nayo kwenye benchi moja.

Baba yetu marehemu alikuwa na Pijo, gari la siku nyingi, rangi ya maziwa, alilobebea abiria kati ya Iringa na Mbeya tangu mimi sijaanza shule. Alipofariki, gari likabaki uani Kihesa juu ya matofali, kuku wakawa wanataga ndani yake. Mdogo wangu Festo, ambaye ni fundi, akalifufua. Siku lilipowaka mama alilia kama aliyemsikia baba akikohoa mlangoni.

Sasa huko Mbeya kuna watu wanaopenda magari ya zamani. Ni walimu, wenye maduka, mafundi, si watu wa mashindano makubwa. Hukusanyika nje ya mji, upande wa Uyole, kwenye kipande cha lami kilichoachwa pale barabara ilipohamishwa. Magari mawili yanasimama sambamba, kitenge kikishushwa yanafyatuka, na la kwanza kuvuka mstari wa chokaa limeshinda. Mwendo wenyewe ni mfupi, chai haijapoa umemaliza. Tukaalikwa. Mama akasema gari la mume wake ataendesha Eliza, maana Festo ana haraka, na yeye mwenyewe atakwenda kuona.

Ndugu zangu, hofu ilinianza asubuhi ile kabla sijagusa usukani. Kulikuwa na ukungu na baridi ya kukata masikio, na kila nilipotazama niliona mambo ambayo kwenye basi la shule nisingeyakubali hata kidogo. Hakukuwa na kamba ya kutenga watu na lami. Hakukuwa na mtungi wa kuzimia moto hata mmoja. Watu walikuwa wanatafuna mahindi ya kuchoma palepale magari yatakapopita. Nikasema kwa upole, nikajibiwa kwamba dada huyu ametuletea shule. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgeni akianza kuwapangia watu shughuli yao hapendwi, basi nikanyamaza. Kitu kimoja tu nilikishikilia. Festo aliponicheka kwa sababu nilimlazimisha aweke mkanda wa usalama kwenye gari la mashindano ya dakika moja, nilimwambia bila mkanda sipandi. Na kofia ya bodaboda nikaazima, nikavaa.

Mwisho wa lami ile, upande wa kushoto, kulikuwa na shamba la viazi la mama mmoja anayeitwa Mama Sekela. Waandaaji walikuwa wamemwomba awaachie wasawazishe matuta ili wapate pa kuegesha magari. Akakataa, viazi vyake havijakomaa. Tangu asubuhi alikuwa anazunguka na jembe begani, akimfukuza kila aliyetia mguu shambani kwake. Mshereheshaji akawa anamtania kwenye spika, watu wanacheka. Mimi pia nilicheka.

Kabla ya kuanza, gari likiwa bado kule mwisho wa lami, tukaizunguka Pijo kuomba. Festo akapaka boneti mafuta ya upako, akaweka mkono, akaomba kwa sauti Bwana aondoe kila kizuizi mbele ya gari hili. Kisha akafumbua jicho moja, akamtazama Mama Sekela kule shambani.

"Hasa kile chenye jembe," akaongeza.

Tukasema amina kwa nguvu zote. Tulipaka boneti mafuta, ndugu zangu, lakini hakuna aliyeifungua.

Mbio ya kwanza nilishinda, gari likasimama vizuri. Ya pili nilishinda tena, lakini nilipokanyaga breki pedali ilishuka laini, kama mguu umeingia kwenye ugali. Nikamwambia Festo. Akaingia akaipiga piga kwa mguu, ikakaza, akasema ni baridi tu, dada. Nikamwamini. Ni fundi, na ni damu yangu.

Hapo ndipo akafika mgeni rasmi. Sasa nyinyi mnatujua na mambo ya meza kuu! Turubai la wageni lilikuwa limewekwa pembeni, mahali salama kabisa, nyuma kidogo ya mstari wa kuanzia. Mshereheshaji akaona si heshima mgeni rasmi ageuze shingo kuangalia migongo ya magari. Vijana wakaambiwa waihamishe meza kuu ikae mwisho wa lami, katikati, ili magari yaje yakiwaelekea wakubwa. Wakabeba kila kitu, kitambaa cheupe, maua ya plastiki, chupa za maji. Na mama yangu, kwa kuwa ni mjane wa mwenye Pijo, akapewa heshima ya kukaa meza kuu. Sisi madereva tulikuwa nyuma tunapanga magari, hatukuona wala hatukuambiwa. Katikati ya lami ile pana mwinuko. Ukiwa kwenye mstari wa kuanzia, huoni kilichoko mwisho.

Mbio ya tatu nilipangwa na Bwana Harish, mwenye duka la vipuri mjini Mbeya, mtu mpole mwenye gari alilorithi kwa baba yake kama mimi. Akanipungia mkono, nami nikampungia. Kitenge kikashuka.

Tulikwenda sambamba, yeye kulia kwangu, hadi kwenye mwinuko. Nilipofika juu nikaona meza kuu.

Nikaona kitambaa cheupe. Nikaona kiti cha plastiki, na kilemba cha mama yangu. Nikakanyaga breki, pedali ikazama mpaka chini, hakuna kitu. Nikakanyaga tena, hakuna kitu! Nikavuta breki ya mkono kwa nguvu, waya ukakatika, mpini wake ukabaki umelegea kama kamba ya nguo. Nikashusha gia, injini ikapiga yowe, gari likayumba lakini halikusimama. Wageni walianza kukimbia, viti vinaanguka. Mama hakukimbia. Magoti yake mnayajua. Alikaa palepale na kikombe cha chai, akatabasamu, akawa ananipungia mkono.

Ndugu zangu, naomba mnielewe. Mama alidhani nakuja kumsalimia.

Sijui kama niliomba. Watu huniuliza, uliita jina gani? Sikuita jina lolote. Kulia kwangu watu walikuwa wamejazana na bodaboda zao, na watoto mabegani. Mbele ni mama. Kushoto palikuwa peupe. Kote pale, ukingo mzima wa barabara, pahali pamoja tu hapakuwa na mtu, napo ni kwenye viazi vya Mama Sekela, kwa sababu tangu asubuhi alikuwa anafukuza watu kwa jembe. Nikakata kushoto.

Gari liliruka mtaro likaingia kwenye matuta. Tuta la kwanza likanigonga kichwa juu, kofia ile ikapasuka. La pili, la tatu, kila tuta likaling'ata gari mwendo kidogo, udongo na viazi vinaruka kwenye kioo. Kisha likalala ubavu, upande wangu juu, bega langu la kushoto likajipiga kwenye kiti cha pili, likalia kwa sauti niliyoisikia mwenyewe. Nikabaki nimening'inia kwenye mkanda. Kimya. Halafu nikasikia harufu ya petroli, na kitu kinadondoka, to, to, to.

Hofu ya pale sijawahi kuipata tena, na siombi. Mtu wa kwanza kufika alikuwa kijana mwenye simu mkononi, anapiga picha, na sigara mdomoni. Nilimwona kupitia kioo kilichopasuka, akija, akiinama. Nilitaka kupiga kelele sauti haikutoka. Nikasema moyoni, basi, nitaungua hapa mama akiangalia.

Ghafla yule kijana akapotea kwenye kioo. Mama Sekela alikuwa amemsukuma kwa mpini. Sigara ikaangukia mbali, akaikanyagia kwenye tope. Kisha akaanza kufukia petroli kwa udongo, jembe linapanda linashuka, udongo wa matuta yake mwenyewe, haraka haraka, huku akinitukana kwa ajili ya viazi vyake. Ndugu zangu, sijawahi kusikia matusi matamu namna ile. Alipomaliza akapiga magoti, akachungulia.

"Mwanangu, mikono yako ikamate yangu," akasema. "Mimi sikuachii."

Bwana Harish, ambaye breki zake zilishika akasimama salama, akaja na kisu akakata mkanda, wakanitoa. Mama akaletwa amebebwa pamoja na kiti chake. Chai ilikuwa bado ipo kwenye kikombe. Aliniuliza kwa nini nimepita bila kumsalimia, na hapo ndipo nililia.

Hospitali Festo alikaa pembeni ya kitanda siku nzima, mwishowe akakiri. Kabla hatujaondoka Iringa aliona mafuta ya breki yamepungua. Badala ya kununua mengine, akajaza maji ya sabuni. Baba alikuwa akifanya hivyo safarini, mafuta yakiisha njiani, ili afike tu mjini kwa mwendo wa polepole. Sisi watoto tuliona, tukadhani ni ujuzi. Mbio mbili za kasi zikapasha breki moto, maji yakachemka mle ndani, na maji yaliyochemka hayasukumi breki. Sikumpiga. Mkono ulikuwa kwenye bandeji. Lakini mpaka leo harufu ya sabuni ya unga ikinipata dobini, nashika ukuta.

Sasa nataka mtazame alichofanya Mungu. Tulimwomba aondoe kizuizi. Tukamwonyesha na kwa jicho kizuizi chenyewe! Kama angetujibu, matuta yale yangesawazishwa, pangejaa magari na watu, na mimi ningechagua nimuue nani. Bwana alitunyima tulichoomba, akamwacha yule mama na jembe lake na hasira zake. Usiku nikikumbuka hilo ninapata baridi. Ni maombi mangapi mengine tumeomba kipumbavu hivyo, akatunyima, nasi tukanuna?

Mama Sekela hakutaka fidia. Alitaka matuta yake. Basi tulirudi, waandaaji, Bwana Harish, Festo, hata mshereheshaji na kipaza sauti chake kimezimwa, wakashika majembe mpaka jioni. Mimi kwa mkono mmoja niliokota viazi. Yeye alisimama juu ya tuta akitukosoa. Festo alipomwomba radhi kwa yale maombi, akajibu kwamba yeye hana habari na maombi yetu, ila tuta la Festo limepinda, alirudie.

Na wale wa Mbeya wamekubali. Meza kuu inakaa pembeni, na mgeni rasmi asiyetaka kugeuza shingo abaki kwake. Kamba zipo, mitungi ya kuzima moto ipo, na gari haligusi mstari kabla mtu ambaye si mwenye gari hajalikagua. Mwenye gari huliangalia gari lake kwa mapenzi, na mapenzi hayaoni kinachovuja.

Ndugu zangu, mwaminini Bwana. Nawaambia nikiwa mtu mwoga, si shujaa. Mpe maisha yako usiku huu kama hujampa, maana mimi nilipokuwa nimening'inia pale sikuwa na nafasi ya kujiandaa. Lakini usimtumie kufunika uvivu. Usipake mafuta ya upako mahali palipohitaji mafuta ya breki.

Asante kwa mama yangu, amekaa pale mbele na kilemba kilekile. Asante kwa Mama Sekela, ambaye hayupo, yuko shambani.

Neno la mwisho. Kesho alfajiri kwaya yetu inakwenda Mbeya kwenye semina, na dereva ni mimi. Nawaomba mkifika msipande kwanza. Simameni nje kwenye baridi, mwekeni mama mbali, pembeni, si mbele ya basi. Nitafungua boneti, nitatazama, nitaingia, nitakanyaga breki na kuushikilia mguu pale. Pedali ikizama, tutarudi nyumbani. Ikikaza, mtanisikia nikisema amina, ndipo mpande.