Vidole Vitano, Vimehesabiwa Mara Mbili

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Ngazi za kanisa letu ni thelathini na moja. Najua, maana leo nimezipanda kwa miguu yangu nikihesabu, nikarudi chini, nikahesabu tena.

Mnanijua. Ni mimi ninayelalamika kwenye mnada wa sadaka, baada ya ibada, kwamba jogoo amekonda, ili bei isipande. Miaka miwili hamkuniona mnadani. Wengine mlisema nimebana mkono. Ndugu zangu, ulikuwa mguu!

Mfupa wa kidole gumba cha mguu wa kulia ulitokeza pembeni kama kitunguu, kidole chenyewe kikawalalia wenzake. Na huku Mlalo njia tambarare iko wapi? Kuteremka sokoni na tenga la mapeasi kulikuwa kukanyaga moto. Nikatoboa kiatu cha Jumapili, mfupa upate nafasi. Nikavaa buti la mvua la mume wangu. Nikafunga majani ya dawa. Mfupa ukazidi kukua.

Hospitalini walipotaja upasuaji wa matundu madogo, nilisikia neno moja tu: kukatwa. Woga ulionishika! Mama Eliya, mwenzangu wa sokoni, akanifariji kwa namna yake: "Dada, wakikukata, kile kiatu cha kulia usikitupe. Niuzie mimi."

Daktari alikuwa kijana. Aliniamkia shikamoo, nikaitikia huku nahesabu vyuma kwenye sinia lake. Akanieleza: matundu manne, kila moja dogo kama punje ya mahindi. Humo kinapita kifaa chembamba, kinakata mfupa, anausogeza mahali pake na kuubana kwa skrubu mbili.

"Manne mengi," nikasema. "Fanya mawili, mwanangu."

"Mama, hapa si sokoni."

"Basi matatu, tumalize."

"Manne, mama. Na skrubu mbili."

Wakanichoma sindano ya mgongo. Kuanzia kiunoni kwenda chini sikujua kama nina miguu au nimeazima. Mbele yangu pazia la kijani. Nyuma ya pazia kitu kikaanza kulia kama mashine ya daktari wa meno. Nikajua wanaukata mguu wote! Mikono ikatetemeka, nikaanza kupatana na Mungu. Bwana, niachie mguu, nitatoa jogoo. Mlio ukaendelea. Majogoo wawili, Bwana. Mlio ule ule. Majogoo wawili na tenga la mapeasi! Kimya cha mbinguni, na mashine inalia.

Ndugu zangu, niliishiwa. Mimi, niliyezeeka sokoni, sikuwa na cha kuongeza. Nikasema, "Bwana, sina kingine. Nisaidie hivi hivi." Hapo hapo mikono ikatulia! Mashine ilikuwa bado inalia, lakini mikono imetulia.

Walipoondoa pazia nikaona bandeji, nikamshika nesi. "Binti, hesabu vidole."

"Vitano, mama."

"Hesabu tena."

Akahesabu tena. Mungu ambariki binti yule, hakucheka.

Sikuruka siku ile, nisiwadanganye. Wiki sita nilivaa kiatu kigumu, nikikanyagia kisigino, na kila asubuhi nilifunua shuka kwa hofu nione kama kidole hakijarudi kulala. Hata sasa jioni mguu huvimba kidogo, na bado nachungulia. Lakini kidole kimenyooka, na leo nimesimama nanyi tangu wimbo wa kwanza!

Wewe unayeficha maumivu ndani ya buti, nenda wakakuone. Na ukiogopa, mwite Yule niliyemwita mimi. Usitafute cha kumpa kwanza; mimi alinishika nilipokuwa mikono mitupu. Asante Yesu!

Majogoo wawili na tenga la mapeasi viko pale nje, vinangoja mnada. Si malipo, ndugu zangu, ni shukrani. Na leo nasema mbele ya madhabahu: majogoo wale hawajakonda hata kidogo. Pandisheni!