Nyumba ya Bi Zeyana Iliyobaki Nyeupe

Ndugu waombolezaji, wenye mkeka kaeni, wenye gogo kaeni, na nyie vijana wenzangu mlioegemea baiskeli kule sogeeni mnisikilize, maana mjane, Mama Dionis, kanipa mimi, mtoto wa dada wa marehemu, niisome hii, na shule yangu mnajua iliishia wapi.

Marehemu Kasimiri Jilala alizaliwa Ziba tarehe 14 Machi 1934, akasoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, na mwaka 1953 akapata kazi Tabora mjini, ofisi ya ramani, kupaka rangi za maji kwenye michoro ya viwanja. Tarehe 8 Novemba 1958 alifunga ndoa na Veneranda, wakapata Dionis na Apolinaria, na Uhuru uliwakuta wamepanga kwa Bi Zeyana binti Ghalibu, bibi huyu aliyeshuka na treni asubuhi.

Mwaka 1973 marehemu alianza kuuchora mji kutoka dirisha la juu la ofisi, karatasi upana wa meza, mapaa ya bati, kuba la msikiti, mnara wa kanisa, mabaraza ya Waarabu mpaka njia ya zamani ya misafara inapotokea. Nyumba ya Bi Zeyana aliiacha mwisho kwa heshima, maana ina chokaa, na kwenye rangi za maji nyeupe haipakwi, nyeupe ni karatasi yenyewe, ukikosea mlango na vivuli vyake umeiua nyumba. Bi Zeyana akawa anamtania, "We Kasimiri, mji mzima una nyumba, mimi umenilaza nje?" Naye anajibu, "Bibi harusi hatoki mapema."

Agosti 1974 alitumwa hapa kwetu, wiki mbili tu, achore ramani ya kijiji kipya, safu kumi za nyumba kumi kumi, na siku moja kabla ya wakaguzi kufika ikaonekana kiwanja kimoja hakina mtu. Katibu wetu, Ndugu Ngollo, akamwambia, "Andika jina lolote, safu isiwe na pengo." Marehemu aliona jina la kubuni ni dhambi, akaandika la kwake. Basi. Jina lilikwenda wilayani, likarudi mkazi wa kiwanja namba mia, kazini akafutwa, mke na watoto wakaletwa na lori.

Toka hapo kwenda mjini ni kwa barua ya katibu, na wakati wa kulima ilikuwa hapana, wakati wa kuvuna hapana, treni ya Tabora anaisikia kila siku ikitoka stesheni ya Igalula, picha kaitundika juu ya kitanda, pengo jeupe katikati. Mimi alinifundisha kushika brashi, lakini nikimwambia apake kwa kukumbuka tu, anasema, "Mjomba, nilishajaza pengo mara moja."

Februari 1979 kifua kilimbana, tarehe 2 Machi ndipo barua ikatoka, aende hospitali, na Ndugu Ngollo mwenyewe akamsindikiza, akamwambia dereva asimame kwa Bi Zeyana. Marehemu aliuchora ule mlango kwa penseli, nyuma ya barua ya ruhusa. Alifariki tarehe 9 Machi, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru waganga na manesi, majirani wa safu ya kumi mliochimba kaburi, na wenzake wa ofisi ya ramani mlioleta jeneza. Ndugu Ngollo, tumekuona nawe umeshika koleo pale kaburini.

Sasa picha hii hapa, na barua yenye mlango hii hapa. Bi Zeyana anataka niimalizie nyumba yake leo, Mama Dionis anataka picha izikwe naye, na pengo lake, kama mwenyewe alivyoiacha, na rangi ya maji ikishagusa karatasi haifutiki. Mjomba, pumzika, huko huendi kwa barua. Nyie mliokaa hapa, brashi ingekuwa mkononi mwenu, mngefanyaje?