Mama Mlenda wa Majengo: Maisha ya Hana Elieza Ndahani, 1966–2025

Mchungaji, wazee wetu, majirani wa mtaa wa Kikuyu, Dodoma mjini, mliosafiri nasi mpaka huku Mlali, na ndugu wote: familia imeniomba mimi Stanley, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha yake. Yeye mwenyewe angeyasoma vizuri zaidi, na asingehitaji kipaza sauti.

Hana Elieza Ndahani alizaliwa hapa Mlali, wilaya ya Kongwa, tarehe 14 Agosti 1966. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya wanne wa mzee Elieza Ndahani, ambaye ametangulia, na mama yetu Restuta. Mimi alinibeba mgongoni akienda kuchota maji, na alinikumbusha jambo hilo kila nilipobishana naye, hata baada ya kuota mvi. Ilikuwa njia yake ya kufunga mjadala.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1975 na kumaliza darasa la saba mwaka 1981. Hesabu alizipenda. Hakuchaguliwa kuendelea, na mzee alimwambia avumilie mwaka mmoja atafutiwe nafasi kwingine. Mwaka huo ukaja na njaa, habari ikaishia hapo. Watoto wake wote watatu wamemaliza sekondari, na aliyerudi nyumbani na alama mbaya alijua kinachomsubiri.

Tarehe 3 Septemba 1988 alifunga ndoa na shemeji yetu Gabrieli Mhembano, fundi ujenzi, wakahamia Dodoma mjini na kujenga Kikuyu. Mungu aliwajalia Noeli, Sara na Violeth. Shemeji ni mtu wa maneno machache. Marehemu alisema aliolewa naye ili apate nafasi ya kuongea.

Mwaka 1991 alianza biashara katika soko la Majengo. Aliuza mlenda mkavu uliosagwa, ile mboga yetu ya kuteleza, karanga, na magadi ya kupikia huo mlenda. Kipande cha magadi alikiweka kwenye ncha ya ulimi na kukwambia kama kimechanganywa na udongo. "Mbukwa," alimsalimu kila mteja kwa Kigogo, hata waliotoka mikoa ya mbali na hawakujua waitikie nini, na hakuwauzia mpaka wamejifunza. Ndiyo maana wengi hapa mnamjua kwa jina la Mama Mlenda tu.

Mwaka 2017 wahudumu wa afya walikuja sokoni kupima watu shinikizo la damu. Alikwenda huku akiwatania wenzake. Mashine ikasoma juu sana, wakarudia, ikasoma vilevile. Hakuwa akiumwa popote, na hilo lilimtatiza hadi mwisho wake. Alianzishiwa dawa ya kumeza kila siku, akaambiwa apunguze chumvi.

Chumvi aliifukuza kabisa nyumbani kwake. Wageni tulikula mboga chapwa na hatukuthubutu kuuliza. Hata hivyo presha haikushuka, hadi muuguzi mmoja wa kliniki, dada Witness, alipomuuliza swali jepesi.

"Mama, mboga unapikaje?"

"Mlenda, kwa magadi. Chumvi sijaigusa tangu mliponikataza."

"Magadi nayo yana kilekile tunachokikimbia kwenye chumvi, mama."

Marehemu alishika kiuno. Halafu akasema, "Kumbe miaka yote hii nawauzia watu presha kwa kopo. Basi niambieni Mgogo ale nini." Alicheka nayo hiyo wiki nzima. Lakini alitii, akapunguza magadi mpaka mlenda ukawa majani na maji, na shemeji akaula bila neno.

Mwaka 2023 presha ilikaa sawa. Kliniki walimpongeza, nasi tukafurahi. Hatukujua kwamba pongezi ile yeye aliisikia kama tangazo la kupona. Taratibu aliacha vidonge. Sara alimweleza kwamba presha imeshuka kwa sababu ya dawa, na akiacha itapanda tena. Noeli alimnunulia mashine ya kupimia, akaitumia kuwapima majirani. Mimi nilikuwa nampigia simu.

"Dada, umemeza leo?"

"Stanley, mdogo wangu, umewahi kuona mtu anameza dawa ya malaria akiwa mzima?"

Jibu tulikuwa nalo, na tulilitoa kila mmoja kwa zamu yake. Halikuwa na nguvu yoyote mbele ya mwanamke aliyejitwisha gunia la karanga bila kusaidiwa. Mtu asiyeumwa utamlazimisha vipi?

Alhamisi ya tarehe 5 Juni mwaka huu alikuwa hapa Mlali kwa ajili ya karanga. Alikuwa akimenya pamoja na Violeth pale karanga zilipomdondoka kutoka mkono wa kulia, mdomo ukaenda upande, na maneno yakamtoka kama ya mlevi. Violeth alikimbilia maji. Aliporudi, mdomo ulikuwa unanyooka, na baada ya muda mfupi mkono nao ulirudi. Wengine walisema ni upepo mbaya. Violeth alimsihi watafute gari waende hospitali saa ileile.

"Mkono umeshanyooka, Violeth. Nikamwonyeshe daktari nini?"

Aliahidi kwenda Jumatatu, siku ya kliniki ya presha. Wote tuliopigiwa simu tuliona Jumatatu si mbali. Tumemwomba mchungaji ruhusa ya kulisema hili hapa kaburini: uso ukienda upande, mkono ukilegea, ulimi ukiwa mzito, mpelekeni mtu hospitali wakati huohuo, hata kama vimepita. Kupita siyo kupona. Daktari alitueleza hivyo baadaye, kwa upole sana, na upole wenyewe ulituumiza.

Jumapili, tarehe 8 Juni, asubuhi, akivaa kwenda ibadani nyumbani kwake Kikuyu, kiharusi kilimwangusha. Shemeji alimpakia kwenye bajaji ya jirani, akamkimbiza hospitali. Picha ya kichwa ilionyesha mshipa ulioziba na sehemu kubwa ya ubongo iliyokwisha kuumia. Upande wa kulia haukurudi tena, wala maneno hayakurudi.

Alitutazama na kuinua mkono wa kushoto akitaka kitu. Tulileta maji. Tulileta uji, tukamfunika kanga, tukaitoa, tukafungua dirisha, tukalifunga. Alitikisa kichwa hadi akalia, nasi tukalia. Mtu aliyeweza kumuuzia mlenda mgeni asiyeujua alishindwa kutuambia jambo moja, na sisi watu wazima tuliojaa chumba kizima tulishindwa kulikisia. Mpaka leo hatujui alitaka nini. Mwezi Agosti alipata homa ya mapafu, na Jumanne ya tarehe 19 Agosti 2025 alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka 59.

Ameacha mume, Gabrieli, watoto Noeli, Sara na Violeth, wajukuu watano, sisi wadogo zake watatu, na mama yetu Restuta, mwenye miaka 84.

Mama naye ana presha, ya siku nyingi kuliko ya binti yake. Leo asubuhi alikataa chai, akakataa na uji. Aliomba maji tu, akameza kidonge chake, halafu akatuuliza: "Hana ndiye aliyekuwa ananipigia simu kila asubuhi akisema, mama, meza dawa. Sasa yeye aliacha kwa nini?"

Dada yetu apumzike mikononi mwa Bwana. Nanyi ndugu, mwenye jibu amsogelee mama.