Mgomba Ukitembea

Kwenye kosta ya Marangu nilikaa nyuma ya mzee Leodegar na binti asiyemfahamu, Dominika, anayesomea ubongo chuoni. Sikio langu halina adabu, nikasikiliza.

"Jicho ndilo linaloona," mzee aling'aka. "Ubongo umefungiwa gizani, utaona nini?"

"Babu, kisogoni kuna seli zinazoamka kitu kikienda kulia, na nyingine kikienda kushoto. Za upande mmoja zikichoka, za pili zinazishinda nguvu, na kilichosimama utakiona kinatembea."

"Mgomba ukitembea, nakuchinjia mbuzi!"

Abiria wote wakageuka. Huku kwetu mbuzi hatajwi ovyo mbele ya mashahidi.

"Basi kodolea doa hili kwenye kioo cha dirisha, migomba ipite yenyewe. Usihamishe macho mpaka tusimame."

Mzee akakodoa kwa ubishi mtupu, kilima kizima. Tulipofika Marangu Mtoni, dereva akazima injini. Ghafla Leodegar akang'ang'ania kiti cha mbele kwa mikono miwili.

"Dereva! Migomba inatupita, tunarudi nyuma! Kanyaga breki!"

Gari lilikuwa limetulia kama kanisa Jumatatu. Dominika akainuka, akatupa mkoba begani kishujaa.

"Awe mnono, babu. Kwetu tuko wengi."