Mwalimu Aliyelileta Benchi la Nyuma Mbele

Ndugu waombolezaji, mnivumilie, sijazoea kusimama mbele za watu, lakini familia imeniagiza mimi, kitinda mimba wake, niandike na nisome haya.

Baba yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, katika nyumba iliyo nyuma ya kiwanda cha matofali, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akaanza darasa la kwanza mwaka 1974, akiwa na jicho moja tu linaloona, wakamketisha benchi la nyuma, lililoitwa benchi la mizigo, akakaa huko miaka minne bila kuuona ubao.

Alihitimu ualimu tarehe 2 Desemba 1988, na siku yake ya kwanza kazini alilibeba benchi la nyuma mwenyewe akaliweka mbele, hata mama yetu, aliyefundisha darasa la jirani, akamwuliza kama amekuja kufundisha au kuhamisha samani, nao wakafunga ndoa tarehe 17 Agosti 1991, wakajaliwa watoto wanne.

Darasani kwake asiyeona aliusogelea ubao, asiyesikia aliandikiwa na jirani yake, na swali lililomshinda mwalimu lilipigiwa makofi. Tarehe 6 Mei 2015 mkaguzi aliwakuta watoto wamesimama, wakiikataa sentensi ya kitabu iliyosema kilema ni mzigo wa familia, naye bila kuuliza wanabishania nini akaandika kwamba mwalimu ameshindwa kulidhibiti darasa. Baba akahamishiwa stoo ya vitabu, chumba kisicho na dirisha, miaka tisa, akaandika barua kumi na moja akiomba kurudi darasani, hakujibiwa hata moja.

Juzi mwalimu mkuu alitutumia ujumbe, akitaka tuseme baba alitolewa darasani kwa sababu ya afya. Heshima yake tunampa, uongo hatumpi. Baba aliingia stoo akiwa mzima, kifua kilimwanzia humo humo kwenye vumbi, akalazwa tarehe 28 Mei 2024, akafariki tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi, baada ya kuuliza kama barua imejibiwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliompokea mama mikononi, na walimu waliompelekea baba chai stoo ingawa walikatazwa. Mwalimu mkuu, nakuona umesimama kule nyuma kabisa, tafadhali sogea, benchi la mbele lina nafasi, kwa kuwa marehemu hakukubali mtu yeyote aachwe nyuma, hata asiyetaka kuona.

Baba, barua zako sisi tumezisoma, pumzika kwa amani.