Komeo la Nyumba ya Wauguzi

"Ndugu Katibu, hao kuku watoke leo," alisema bibi yangu, naye Katibu wa hospitali akajibu, "Mama Mkuu, kuku wangu hawalalamiki, wanaolalamika ni wasichana wako," na bibi akamwambia, "Kuku wako hawafanyi zamu ya usiku."

Ndugu waombolezaji, nimeanzia kwenye ugomvi huo wa Juni 1974 kwa sababu ulimwumiza marehemu bibi yetu, Imakulata Ngollo, kuliko ugonjwa uliomwua.

Alizaliwa Ziba tarehe 8 Septemba 1918, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akajifunza uuguzi hapa Tabora, na Mei 1938 akafunga ndoa na babu yetu, marehemu Silasi, karani wa reli, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 1963, nchi ikiwa imekwisha kujitawala, alifanywa mkuu wa wauguzi katika wodi zisizo na wauguzi, maana wazazi walisema msichana anayelala kazini ameharibika. Hakungoja barua za maombi, alikwenda mwenyewe kupiga hodi, Kwihara kwa wakulima, Gongoni kwa wenye maduka, akakaa mkekani kama mshenga. Mzee Muhanna alikataa mara mbili kumtoa binti yake Fakhria, mpaka bibi alipompeleka mzee mwenyewe kwenye nyumba ya wauguzi, akaingia ndani, akafunga komeo, akamwambia asukume mlango. Mzee alisukuma kwa bega, mlango haukutikisika, akasema, "Basi, mchukue." Tangu hapo, kila alipompeleka msichana mpya, bibi aliuliza kwanza, "Komeo lipo?"

Kisha Katibu, ambaye leo amekaa mstari wa mbele, akajaza kuku katika nyumba hiyo ya wauguzi, akauita mradi wa kujitegemea, akang'oa komeo akafungie chakula cha kuku nyumbani kwake. Wasichana walihamishiwa stoo ya kufulia, walevi wakawa wanawachungulia, wanne wakaacha kazi, na kikaoni ikasemwa kwamba bibi ameshindwa kuongoza. Niliingia nyumba ile, nikaona mavi ya kuku juu ya vitanda vya wauguzi.

Wasichana waliobaki bibi aliwahamishia kwake Gongoni, nami nikaacha darasa la sita niwapikie. Aliugua figo Agosti 1975, akafariki tarehe 11 Machi 1976, mikononi mwa Fakhria.

Tunamshukuru daktari, majirani waliotuchotea maji, na wauguzi waliopokezana kumgeuza kitandani. Baba mkubwa aliniambia nimshukuru na Katibu, lakini sikuona cha kuandika.

Pumzika kwa amani, Bibi, zamu yako umeimaliza, ila usiende kabla hujasikia ya jana jioni. Katibu alikuja msibani, akasimama mlangoni pako, akawaambia wauguzi warudi, kuku wameondolewa, nyumba imepakwa chokaa, wakubwa wa mkoa wanauliza wauguzi wako wapi. Fakhria alimwamkia shikamoo, hakumpisha, akamwuliza, "Komeo lipo?"